Kusimamia mradi wa ununuzi wa serikali nchini Kenya: kutoka hitaji hadi cheti cha mwisho

Daktari wa kaunti, mwalimu mkuu au mhandisi wa maji anaweza kufika ofisini asubuhi akute barua inayomteua kusimamia mradi wa ununuzi, ilhali hajawahi kufungua Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake. Takwimu za kisheria zinatoka katika Sheria hiyo na Kanuni zake za mwaka 2020. Mfano tutakaoufuata ni wetu: wadi ya kujifungulia katika zahanati ya kaunti, makadirio ya shilingi milioni 18.

Macho ya watu huwa kwenye siku ya kufungua tenda, kana kwamba ndipo pesa za umma zinapopotelea. Aghalabu mradi huwa umeshaharibika kabla ya siku hiyo, kwenye karatasi mbili ambazo hakuna anayezisoma kwa makini: maelezo ya hitaji na kalenda. Ukinusurika hapo, unaweza bado kuharibika miezi kadhaa baadaye, pale cheti cha malipo kinapotiwa saini na mtu ambaye hakufika kwenye eneo la ujenzi. Ndiyo maana mwongozo huu utakaa zaidi kwenye ncha hizo mbili.

Kwanza, jua nani ana mamlaka gani

Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa uwazi, wenye ushindani na wenye gharama nafuu. Sheria ikaligawa jukumu hilo kwa makusudi, ili mtu mmoja asiweze kuomba kitu, kukinunua, kukipokea na kukilipia.

Afisa wa uhasibu ndiye mwenye dhamana ya yote. Usimchanganye na mhasibu wa ofisi ya fedha. Huyu ni Katibu wa Wizara, afisa mkuu wa idara ya kaunti, au mkurugenzi mkuu wa shirika la umma. Yeye ndiye anayeidhinisha, anayeteua kamati na anayetia saini mkataba. Idara yenye hitaji, ambayo huenda ni yako, huandika mahitaji na kusimamia kazi. Mkuu wa ununuzi huendesha mchakato na kutoa maoni ya kitaalamu. Kamati ya kufungua tenda huwa na watu wasiopungua watatu, na angalau mmoja wao asiwe anahusika moja kwa moja na uchakataji au tathmini ya tenda hiyo. Kamati ya tathmini huwa na watu watatu hadi watano. Kamati ya ukaguzi na mapokezi huwa na mwenyekiti na wanachama wasiopungua wawili.

Omba barua ya uteuzi kwa kila kamati kabla haijaanza kazi, na uangalie tarehe yake. Sheria hairuhusu idhini ya kurudi nyuma isipokuwa katika dharura. Kamati iliyokaa tarehe 3 kisha ikateuliwa tarehe 10 imefanya kazi bure, na mkaguzi ataliona hilo kabla ya kumaliza chai yake.

Hatua ya 1: Andika hitaji hadi mtu asiyekujua aweze kulijenga

"Jengo la kisasa la akina mama" si hitaji. Mkandarasi ataijaza sentensi hiyo kwa namna inayompa faida, wala hatakuwa amekosea. Kaa na wakunga wa zahanati siku nzima, kisha uandike vitu vinavyohesabika: vitanda 12 vya wodi, vyumba viwili vya kujifungulia, milango yenye upana wa mita 1.2 ili kitanda cha magurudumu kipite bila kukwaruza, sinki lenye maji yanayotiririka katika kila chumba cha kujifungulia, tangi la lita 10,000, na umeme wa akiba.

Kisha uliza kitu gani huwa kinasahaulika. Katika wadi za kujifungulia, jibu ni shimo la kondo la nyuma na mahali pa kuchomea taka za hospitali. Yasipokuwa ndani ya michoro tangu mwanzo, jengo litakamilika, litafunguliwa kwa ngoma, kisha litafungwa. Vilevile vitanda vya kujifungulia na vifaa vya kuhudumia watoto wachanga si sehemu ya ujenzi. Vinahitaji ununuzi wake na tarehe yake, la sivyo utakabidhiwa kuta tupu.

Kabla ya kumwita msanifu, thibitisha mambo haya kwa nakala mkononi:

- Ardhi ni ya umma, na hati au barua ya kutengewa ipo. Ahadi ya mdomo ya familia iliyotoa shamba miaka mingi iliyopita haitoshi. Wajukuu hurudi.
- Idhini ya mipango ya ardhi, na msimamo wa NEMA (mamlaka ya kitaifa ya mazingira) kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira.
- Bajeti ya wauguzi watakaofanya kazi humo. Hili halimo kwenye Sheria ya Ununuzi, lakini jengo lisilo na wauguzi ni ghala.

Kwa bidhaa, mtego ni tofauti. Kifungu cha 60 kinakataza kutaja chapa au mtengenezaji. Pale ambapo hakuna namna nyingine ya kueleza kitu, ongeza maneno "au inayolingana nayo". Ukihitaji kompyuta, taja uwezo wa kichakataji, kumbukumbu, ukubwa wa skrini, muda wa warantii na mahali itakapohudumiwa. Orodha ya sifa iliyonakiliwa neno kwa neno kutoka kwenye kijitabu cha kampuni moja hutambulika papo hapo, na washindani ndio wa kwanza kuitambua.

Hatua ya 2: Kalenda, ukihesabu kutoka mwisho

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Msimamizi mgeni huhesabu kuanzia Julai kwenda mbele na kuona ana miezi kumi na miwili. Hana. Tazama mradi wetu ukianza tarehe 1 Julai bila uzembe wowote:

- Mahitaji, michoro na orodha ya kazi na vipimo (BQ): siku 45
- Kuandaa hati ya tenda: siku 14
- Tangazo hadi kufunga: siku 14
- Tathmini: siku 30, ambazo ndizo za juu kabisa kisheria
- Maoni ya kitaalamu, idhini na barua za matokeo: siku 7
- Siku za kusubiri kabla ya mkataba: 14
- Dhamana ya utekelezaji (ahadi ya benki ya kulipa mkandarasi akishindwa kazi), saini na makabidhiano ya eneo: siku 14

Jumla ni siku 138. Jembe la kwanza linaingia ardhini katikati ya Novemba, vuli ikiwa imepamba moto, na msingi unachimbwa kwenye matope. Ukiupa ujenzi wiki 24, unafika mwanzoni mwa Mei, na katika sehemu nyingi za nchi kazi ya paa itakuwa imeangukia masika. Mzabuni mmoja akikata rufaa, ongeza siku 21, nawe uko mwisho wa Mei. Malipo ya mwisho sasa yanagombania nafasi na idara zote nyingine zinazokimbizana na kufungwa kwa mwaka kwenye IFMIS, mfumo wa kompyuta wa malipo ya serikali. Hapo ndipo madeni ya wakandarasi huzaliwa.

Dawa ni kuzitoa siku 45 za usanifu nje ya mwaka. Michoro na BQ vikitengenezwa na wataalamu wa Idara ya Kazi za Umma wa kaunti mwezi Aprili na Mei, kabla ya bajeti kupita, ujenzi unaweza kuanza mwanzoni mwa Oktoba na kuezekwa kabla ya mvua za Machi. Hakuna mbinu nyingine katika mwongozo huu yenye faida kubwa kuliko hii, nayo haigharimu kitu ila kuomba mapema.

Hatua ya 3: Pesa na mpango wa ununuzi

Kifungu cha 53 kinakataza kuanza ununuzi wowote kabla afisa wa uhasibu hajaridhika kwamba pesa za kutosha zimo kwenye makadirio yaliyoidhinishwa. Mradi lazima uonekane kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka, ukiwa na makadirio, njia ya ununuzi na tarehe. Asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi inatengewa biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, kwa hiyo amua mapema vipande gani vya mpango vitaenda huko. Samani za wadi na uzio ni wagombea wazuri kuliko jengo lenyewe.

Makadirio yasitoke kichwani. PPRA, mamlaka inayosimamia ununuzi wa umma, huchapisha fahirisi ya bei za soko. Itumie, kisha ulinganishe na mikataba miwili au mitatu ya karibuni ya kaunti yako na uandike tofauti zake. Makadirio ya chini mno hukuletea tenda ambazo zote zinazidi bajeti, na mchakato mzima wa miezi minne unafutwa. Makadirio ya juu mno huwaambia wazabuni kwamba kuna nafasi ya kupandisha bei.

Hatua ya 4: Chagua njia

Tenda ya wazi ndiyo njia ya kawaida, na njia nyingine zote zinahitaji sababu iliyoandikwa. Ombi la nukuu za bei linaruhusiwa hadi Sh3 milioni kwa bidhaa na huduma, na Sh5 milioni kwa kazi za ujenzi. Ombi liende kwa wasiopungua watatu. Wadi yetu ya Sh18 milioni haingii humo.

Atatokea mtu mwenye nia njema akisema: tugawe msingi Sh4.9 milioni, kuta Sh4.9 milioni, paa Sh4.9 milioni, tumalize haraka. Kifungu cha 54 kinakataza kupasua ununuzi ili kukwepa njia inayostahili, na adhabu ya jumla ya Sheria kwa mtu binafsi inafika faini ya Sh4 milioni, kifungo cha miaka 10, au vyote viwili. Zaidi ya sheria kuna ubovu wa kiufundi: wakandarasi watatu kwenye jengo moja maana yake ni kwamba nyufa zikitokea, kila mmoja atamnyooshea mwenzake kidole.

Ununuzi wa moja kwa moja kwa sababu ya uharaka nao una sharti lisilosomwa sana. Uharaka huo usiwe uliweza kuonekana mapema, wala usiwe umetokana na kuzembea kwenu. Juni si dharura. Inakuja kila mwaka.

Hatua ya 5: Hati ya tenda

Tumia hati za kawaida za PPRA, na ujaze sehemu zilizoachwa wazi tu. Sehemu tatu zinahitaji akili yako.

Masharti ya lazima. Haya hujibiwa ndiyo au la, na anayekosa moja hutoka. Kwa hiyo weka yale tu ambayo kukosekana kwake kunakufanya usimtake mtu huyo hata akiwa wa bei nafuu: usajili wa kampuni, cheti cha kutii kodi, usajili wa NCA (Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi) katika daraja linalofaa, fomu ya tenda iliyotiwa saini, dhamana ya tenda. Ukiandika masharti ya lazima 30, yakiwemo kurasa kupigwa namba na hati kufungwa kwa rangi fulani, usishangae kubaki na mzabuni mmoja ambaye si bora bali ni hodari wa kupanga karatasi.

Daraja la NCA. Kwa majengo, daraja la 8 linaishia Sh10 milioni na la 7 linaishia Sh20 milioni. Kwa kazi ya Sh18 milioni, kudai NCA 4 ni kuwafungia mlango wakandarasi wadogo wa kaunti bila sababu, na ni hoja nyepesi kwa yeyote atakayekwenda kulalamika.

Dhamana ya tenda. Haizidi asilimia 2 ya thamani ya tenda kama mlivyoikadiria. Weka kiasi maalumu cha pesa, wala usiache asilimia ya bei ya mzabuni, maana benki ikiandika dhamana, yeyote atakayeiona atapiga hesabu ya bei iliyomo kwenye bahasha. Tena usiandike Sh360,000 kamili, kwani hiyo ni asilimia 2 ya Sh18 milioni na utakuwa umeyatangaza makadirio yako mwenyewe. Sh300,000 inatosha. Kwa makundi yaliyotengewa nafasi, fomu ya tamko huchukua mahali pa dhamana.

Kuhusu vigezo vya kiufundi, kila kigezo kiwe na kipimo na ushahidi wake. "Uzoefu wa kutosha" hakipimiki. "Majengo mawili yaliyokamilika katika miaka mitano iliyopita, kila moja si chini ya Sh10 milioni, yakithibitishwa kwa vyeti vya ukamilishaji" kinapimika, na watu watano wakikaa vyumba tofauti watatoa alama zinazokaribiana.

Hatua ya 6: Tangazo hadi kufungua

Tangaza kwenye tovuti ya serikali ya tenda na tovuti ya taasisi. Tangu 2025 Hazina ya Kitaifa imekuwa ikizisukuma taasisi zihamie kwenye mfumo wa kielektroniki wa eGP. Mfumo unabadilisha mahali pa kubofya, haubadilishi wajibu wowote ulioelezwa hapa.

Maswali ya wazabuni yajibiwe kwa maandishi na jibu liwafikie wote, bila kumtaja aliyeuliza. Jibu likibadilisha hati, toa nyongeza rasmi, na kama muda uliobaki ni mfupi, sogeza tarehe ya kufunga. Jibu la simu kwa mzabuni mmoja, hata likiwa sahihi, linampa faida ambayo wenzake hawana.

Tenda hufunguliwa mara tu muda unapokwisha, mbele ya wazabuni wanaotaka kuwapo. Bei ya jumla husomwa kwa sauti. Andika kumbukumbu, wanakamati watie saini. Kazi ya kamati hii inaishia hapo, haimwondoi mtu kwa kasoro yoyote.

Hatua ya 7: Tathmini

Siku ni 30 zisizozidi. Hesabu inaanza tenda zinapofunguliwa, kwa hiyo barua ya uteuzi iwe tayari siku hiyo. Kamati huanza na masharti ya lazima, ikaingia kwenye ufundi, kisha bei. Kila mwanakamati hujaza karatasi yake kabla ya majadiliano, la sivyo mwenye cheo kikubwa ndiye atakayetoa alama za wote.

Sheria mbili huwanasa wengi. Ya kwanza: vigezo ni vile vilivyoandikwa kwenye hati ya tenda, si zaidi. Mkigundua katikati kwamba mmesahau kigezo muhimu, mmechelewa. Ya pili ni kifungu cha 82: bei iliyosomwa siku ya kufungua ni ya mwisho, na haisahihishwi na mtu yeyote. BQ ikijumlisha Sh17.4 milioni na fomu ya tenda inasema Sh17.1 milioni, kamati haina ruhusa ya kumsaidia mzabuni.

Bei ndogo kupita kiasi nayo isikufurahishe. Tazama viwango vya zege, chuma na mabati mmoja mmoja. Anayeweka bei ya juu kwenye uchimbaji na msingi kisha bei ya kutupa kwenye umaliziaji anapanga kulipwa mapema na kutoweka kabla ya rangi. Liandike hilo kwenye ripoti, na mfanye uhakiki wa kabla ya kutoa tenda: pigeni simu kwa wateja waliotajwa, nendeni mkaone hayo majengo mawili, thibitisheni dhamana kwa benki yenyewe kwa namba mliyoitafuta wenyewe, si ile iliyo kwenye barua.

Hatua ya 8: Barua, siku 14 na mkataba

Mshindi na walioshindwa wote huarifiwa kwa maandishi, pamoja. Barua ya aliyeshindwa itaje sababu yake hasa: "cheti cha kutii kodi kiliisha muda kabla ya tarehe ya kufunga", si "hukutimiza masharti". Barua isiyo na sababu ni mwaliko wa kwenda mbele ya Bodi ya Rufaa, inayosikiliza malalamiko ya wazabuni. Mzabuni ana siku 14 za kuomba mapitio, ombi lake husimamisha mchakato, na Bodi huamua ndani ya siku 21. Akitoka hapo bado anaweza kwenda Mahakama Kuu.

Mkataba hausainiwi kabla ya siku 14 kupita tangu barua, na lazima usainiwe tenda ikiwa bado hai, yaani ndani ya muda ambao mzabuni anafungwa na bei yake. Tarehe ya mwisho wa uhai wa tenda iandike ukutani. Inaweza kuongezwa mara moja tu, kwa siku zisizozidi 30, na lazima iongezwe kabla haijaisha. Ikipita, hakuna tenda tena, hata kama mshindi ameshanunua saruji. Kumbuka pia kwamba barua ya ushindi si mkataba. Usimruhusu mtu aanze kuchimba kwa barua.

Dhamana ya utekelezaji haizidi asilimia 10 ya mkataba. Malipo ya awali hayazidi asilimia 20, yaani Sh3.6 milioni kwetu, na hutolewa baada ya dhamana yake kupokelewa na kuthibitishwa.

Hatua ya 9: Kusimamia kazi

Teua kwa barua timu ndogo: mhandisi au msanifu, mkadiriaji wa gharama, mtu wa idara ya afya, na mtu wa kushinda eneoni kila siku. Siku ya makabidhiano ya eneo, piga picha za mipaka na viwango vya ardhi, tia saini kumbukumbu, na anza kitabu cha eneo: hali ya hewa, idadi ya mafundi, vifaa vilivyoingia, maagizo yaliyotolewa. Kitabu hicho ndicho kitakachojibu, miezi minane baadaye, kama mvua kweli ilinyesha siku 19.

Vituo vya lazima kusimama na kukagua kabla kazi haijafunikwa: kina cha msingi, nondo kabla ya zege, mabomba kabla ya sakafu, mbao za paa kabla ya mabati. Kwa zege, chukua sampuli za mchemraba wa milimita 150 na zivunjwe maabara baada ya siku 7 na siku 28. Matokeo ya siku 7 ni onyo la mapema, ya 28 ndiyo hukumu. Sampuli zichukuliwe mbele ya mtu wako, maana sampuli iliyotengenezwa nyuma ya ghala huwa imara kila mara.

Sasa cheti cha malipo. Kila mwezi kazi hupimwa kwa futi ya kupimia, BQ ikiwa mkononi, na watu wa pande zote mbili wakiwapo. Tuseme cheti cha pili kinaonyesha kazi ya jumla Sh6,000,000, mkataba unashikilia asilimia 10 hadi kasoro zirekebishwe, na malipo ya awali yanarejeshwa kwa asilimia 25 ya kila cheti:

- Kazi hadi sasa: 6,000,000
- Toa pesa za kushikilia: 600,000
- Toa marejesho ya malipo ya awali: 1,500,000
- Baki: 3,900,000
- Toa cheti cha kwanza (kazi ya 2,500,000, kikalipwa 1,625,000)
- Cheti hiki: Sh2,275,000 kabla ya kodi za zuio

Kwa nini asilimia 25 na si 20? Ukirejesha asilimia 20, deni linaisha siku kazi inapofika asilimia 100. Kwa 25, Sh3.6 milioni zinakuwa zimerudi kazi ikiwa Sh14.4 milioni, yaani asilimia 80. Mkandarasi akikimbia kati, unadai kidogo zaidi. Lakini kiwango hicho lazima kiwe kwenye hati ya tenda tangu mwanzo. Na dhamana za benki zina tarehe za kuisha: weka ukumbusho siku 45 kabla ya kila moja.

Mabadiliko ya mkataba hayakwepeki, ila yana dari. Bei haipandi ndani ya miezi 12 ya kwanza. Kiasi cha kazi za ujenzi hakizidi asilimia 20 ya kile cha awali, na jumla ya mabadiliko yote haivuki asilimia 25 ya bei ya mkataba, kwa hiyo kwa mkataba wa Sh18 milioni mwisho ni Sh22.5 milioni. Yanayozidi hutangazwa upya. Ombi hupitia kamati ya tathmini na kuidhinishwa na afisa wa uhasibu kabla ya kazi kufanyika. Neno la mheshimiwa aliyetembelea eneo na kusema "ongezeni veranda" halina mahali kwenye BQ, na mkandarasi aliyeijenga veranda hiyo atakuja kukudai wewe.

Ucheleweshaji: mkataba ukiweka fidia ya asilimia 0.1 kwa siku, ni Sh18,000 kila siku, na dari ya asilimia 10 hufikiwa siku ya 100. Lakini kama nyinyi ndio mliochelewesha, kwa kuchelewa kulipa au kutoa michoro, toeni nyongeza ya muda kwa maandishi mara moja. Msipofanya hivyo, tarehe ya mwisho inapoteza nguvu na fidia yenu inayumba. Kuchelewa kulipa nako kuna riba kisheria.

Hatua ya 10: Mapokezi na kufunga

Kamati ya ukaguzi na mapokezi iende na michoro, BQ, tochi na ndoo ya maji. Fungueni kila bomba kwa dakika kumi, mimineni maji sakafuni muone yanaelekea wapi, pitisheni kitanda cha magurudumu kwenye kila mlango. Kasoro ziandikwe moja moja na tarehe ya kurekebishwa. Cheti cha ukamilishaji kikitoka, kwa kawaida nusu ya pesa za kushikilia huachiliwa, na kipindi cha dhamana ya kasoro, mara nyingi miezi 6 au 12 kulingana na mkataba, huanza kuhesabiwa.

Kwa jengo lililokamilika kiangazi, pigania miezi 12. Paa linalovuja halijulikani hadi masika. Wiki nne kabla ya kipindi kuisha, rudini wote, mkandarasi akiwapo, mkague tena. Nusu ya pili ya pesa hutoka baada ya orodha hiyo kumalizwa, si kwa sababu tu tarehe imefika.

Jengo na vifaa viingizwe kwenye rejista ya mali ya taasisi, funguo na michoro ya jinsi lilivyojengwa vikabidhiwe zahanati kwa saini. Faili zima, kuanzia barua ya hitaji hadi cheti cha mwisho, lihifadhiwe kwa angalau miaka sita, pamoja na tenda za walioshindwa.